Swali Langu kwa Mardochée

Hofu yangu huanzia magotini. Wengine hushikwa na tumbo, wengine hutoka jasho. Mimi magoti hugongana, na nikivaa sketi kila mtu anaona. Ndiyo maana siku ya mtihani wa Profesa Casimir nilivaa suruali, ingawa papa, yaani baba yangu, hapendi, na juu yake sweta la kaka yangu, maana mwezi wa saba baridi ya asubuhi Lubumbashi haina mchezo.

Tulikuwa kumi na tisa katika mwaka wa tatu wa hisabati, wasichana watatu tu. Somo lilikuwa algèbre linéaire, lakini si ile ya mwaka wa kwanza ya kupiga hesabu mpaka jibu litoke. Hii haikuwa na jibu la kutafuta. Ulipewa sentensi moja, ukaambiwa ni kweli, na kazi yako ilikuwa kueleza kwa nini ni kweli, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja na bila kusema "inaonekana". Neno hilo Profesa Casimir alilichukia kuliko kuchelewa.

Mtihani wake ulikuwa wa mdomo, na ulikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Mezani aliweka makopo mawili ya maziwa ya unga. Katika la kwanza kulikuwa na vikaratasi vya teoremu, ndizo zile sentensi za kuthibitisha, katika la pili majina yetu. Ulichomoa teoremu, ukaandika uthibitisho wake ubaoni mbele ya wote. Kisha profesa mwenyewe alichomoa jina katika kopo la pili. Mwenye jina hilo alikuwa contradicteur wako, mtu wa kukupinga, naye aliruhusiwa swali moja tu. Kama uthibitisho ulikuwa na kosa na swali lake likaligusa, yeye alipita na wewe ulianguka. Kama kosa lilikuwapo naye akasema hana swali, mlianguka wote wawili. Uthibitisho usio na kosa uliwapitisha wote wawili. Profesa alituambia siku ya kwanza kwamba anayenyamaza mbele ya kosa ametia sahihi yake chini ya kosa hilo, na kwamba onyo hilo hatalirudia.

Kila mmoja wetu alitakiwa kupita mara mbili, mara ubaoni na mara kwenye kiti cha mpinzani.

Na papa alikuwa ameshasema lake. Papa yangu, Léonard, aliendesha treni miaka ishirini na sita, sasa analima mahindi kwetu Kasungami, pembeni mwa mji, na ni mtu asiyerudia neno. Nilikuwa nimesharudia mwaka mmoja. Aliniambia nikianguka tena nitafunga mizigo niende Mokambo kwa shangazi Virginie, nimsaidie kuvusha unga kutoka Zambia, na habari za kungoja session ya pili, mtihani wa marudio wa Septemba, hataki kuzisikia. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua itapita.

Mokambo wanauza kila kitu, lakini Mardochée hauzwi huko.

Nisidanganye, hakuwa kijana wa kugeuza shingo za watu barabarani. Masikio makubwa, kalamu mfukoni mwa shati hata Jumapili. Lakini alikuwa wa kwanza darasani tangu tulipoanza, na alipomaliza uthibitisho aliweka nukta, akaigonga kwa chaki mara mbili, tok tok, kisha akageuka na kututazama kana kwamba ameona aibu kidogo. Nilimpenda kwa ajili ya zile tok tok mbili. Mengine nilikuja kuyajua baadaye.

Wiki tatu kabla ya mtihani alikuwa akija Kasungami kila alasiri. Paroko alitupa chumba cha katekisimu kwa sharti kwamba mlango ubaki wazi. Ubaoni kulikuwa na Amri Kumi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzifuta, kwa hiyo tulijibana kwenye robo iliyobaki, na mara nyingi mabega yetu yaligusana, nami sikulalamika kuhusu udogo wa ubao. Siku moja nilikwama katika teoremu ya Jordan. Niliweka chaki chini nikalia, nikamwambia kwamba nikisimama mbele ya watu nitasahau hata jina langu.

"Benita," akasema kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambamo vitu ni bintu na watu ni bantu, "we unaogopa juu unaona bintu. Benye habaonake kintu, habaogopake."

Akanirudishia chaki mkononi, na mkono wake ukabaki juu ya wangu muda mrefu kuliko Jordan alivyohitaji. Tulirudia teoremu ile siku nne mfululizo. Kila nilipomwuliza masomo yake mwenyewe anasoma saa ngapi, alijibu kwamba yapo, nisihangaike.

Kulikuwa pia na mama yake. Mama Adolphine ana duka la vitenge katikati ya mji. Wao asili yao ni Kasai, tangu babu yake Mardochée. Sisi ni wa kaskazini ya Katanga, watu wa reli na misa ya saa kumi na mbili. Mwezi wa tano Mardochée alinipeleka dukani nikaonekane. Mama Adolphine alinipa kiti, akanipa soda, akaniuliza hali ya wazazi, yote kwa heshima. Kisha akamgeukia mwanawe nami nikiwa nimeketi pale pale.

"Mutoto wa bantu iko muzuri, sikatae. Lakini bantu ba huku, siku ya mambo, banakugeukia. Utaniambia."

Alikuwa na sababu zake, za zamani, za machungu, za miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, na mimi nilizaliwa baada ya sababu hizo. Nilimaliza soda yangu nikashukuru. Njiani Mardochée aliniapia kwamba mama yake angebadilika. Kwa upande wetu mambo hayakuwa afadhali: papa alipolisikia jina la ukoo wa Mardochée, aliinuka mezani akaenda kupalilia mahindi tuliyokuwa tumeshayavuna.

Sasa nifike Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita huku, maana hapo ndipo nilipokosea.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Mardochée alikuwa akifuta ubao, nami nilifungua daftari lake, nikakuta ukurasa wa teoremu ya Cayley na Hamilton. Matrice ni jedwali la namba, zimepangwa kwa mistari na safu. Kila matrice ya mraba ina mlinganyo wake, unaotoka kwa déterminant, ile namba moja inayokokotolewa kutoka jedwali zima, na ndani ya mlinganyo huo kuna herufi moja, lambda, inayosimama mahali pa namba. Teoremu inasema kwamba ukiichukua matrice yenyewe ukaitia katika mlinganyo wake, inazaa sifuri, jedwali zima la sifuri. Inashangaza, na kuithibitisha ni safari. Lakini katika daftari la Mardochée haikuwa safari. Ilikuwa mstari mmoja: weka A, yaani matrice yenyewe, mahali pa lambda, A ukitoa A ni sifuri, na déterminant yake sifuri, basi.

Kitu kilinikwaruza. Mahali palipotengwa kwa namba moja alikuwa amekalisha jedwali zima. Nilimwuliza kama hiyo ndiyo yote.

"Njo yote," akasema bila kugeuka. "Niliiacha ya mwisho, juu iko fupi."

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu, na siku mbili nzima za kurekebisha. Lakini niliogopa. Kama nimekosea mimi, angeona kwamba wiki tatu amemwaga maji mchangani. Kama nimepatia, ndiyo mbaya zaidi. Nilidhani hakuna mwanamume anayempenda msichana wa kumkamata makosa. Nikafunga daftari, nikamwambia iko muzuri.

Jumatatu saa mbili tulikuwa ndani ya auditoire, ukumbi wetu wa masomo, pumzi zetu zinatoka moshi kwa baridi. Niliitwa wa tano. Nilitia mkono katika kopo la kwanza na kutoka na Jordan, yule yule aliyeniliza. Magoti yalianza wimbo wao ndani ya suruali, lakini mkono uliijua njia. Uliandika peke yake, hatua baada ya hatua, kwa sauti ya Mardochée kichwani. Mpinzani wangu aliuliza swali, nikajibu. Profesa Casimir akasema "Bon". Wakubwa zetu walituambia kwamba yeye hulisema neno hilo mara mbili au tatu kwa mwaka. Nilirudi kwenye benchi nikamtazama Mardochée, naye akagonga meza kwa kidole, mara mbili, polepole.

Kilichobaki kwangu kilikuwa kiti cha mpinzani. Saa zilipita, majina yakachomolewa, langu halikutoka. Mardochée alikuwa ameshakuwa mpinzani wa mtu asubuhi akapita kwa urahisi. Ilipofika saa nane mchana, wakati wake wa kwenda ubaoni, kopo la pili lilikuwa na majina matatu: langu, la Paulin, na la Bénie, rafiki yangu aliyeketi kulia kwangu.

Mardochée alichomoa kikaratasi, akakisoma, akatabasamu. "Cayley-Hamilton," akasema.

Nilianza kuomba, na si sala za katekisimu. Nilimwomba Mungu kwa Kifaransa na Kiswahili pamoja ampe Mardochée njia nyingine, ile ndefu, yoyote. Mardochée aliandika teoremu. Aliandika mlinganyo. Kisha akaandika ule mstari mmoja, kwa mwandiko wake mzuri, akaweka nukta. Tok tok. Akageuka na ile aibu yake ndogo.

Haikuchukua hata dakika nne.

Nilimtazama profesa. Alikuwa akiangalia dirishani, huko nje ambako upepo ulikuwa ukiburuta mfuko wa plastiki juu ya vumbi jekundu. Sikuweza kusoma kitu usoni mwake. Alitia mkono katika kopo la pili taratibu, akafungua kikaratasi.

"Mademoiselle Benita."

Niliinuka. Sijui niliinukaje. Bénie, ambaye alijua kila kitu kuhusu mimi na Mardochée, alinivuta sweta kwa chini. Alikuwa ameliona kosa naye. Ni msichana mwenye akili kuliko anavyotaka ijulikane.

"Prof hayaona kintu," akaninong'oneza. "Sema hauna question. Nyamaza tu, Benita."

Na kweli bado macho ya profesa yalikuwa dirishani. Labda alikuwa amechoka. Labda ule mstari ulimpita, na nikisema sina swali atasema haya, mwingine, na Mardochée atakuwa amepita, nami nimepita, na Mama Adolphine hatapata la kusema. Lakini kama ameliona, tunaanguka wote. Niliiona Mokambo, magunia, shangazi Virginie akinionyesha pa kulala. Kisha nikamwona yeye ubaoni, ananingoja mimi, ametulia kabisa, kwa sababu katika watu wote kumi na tisa amepata mtu asiyeweza kumwumiza. Alinitikisia kichwa kidogo kunitia moyo. Alidhani naogopa umati.

Sijawahi kuogopa namna ile, hata wakati mama yangu alipokuwa mgonjwa.

Kifaransa changu kilikimbia. Nilifungua mdomo hakikuwepo, kikatoka Kiswahili cha nyumbani.

"Ile zéro ulipata ku mwisho," nikasema, "iko nombre, ao iko matrice?"

Namba au jedwali, hilo tu. Mardochée alitabasamu bado, kwa mazoea, kisha akaugeukia ubao aonyeshe jibu. Nilimwona akinyoosha chaki kuelekea ile sifuri. Chaki ikasimama kabla ya kufika.

"Iko nombre," akauambia ubao.

"Na théorème inaomba nini?" profesa akauliza. Kumbe hakuwa dirishani hata kidogo.

"Inaomba matrice."

"Lambda iko nini, Mardochée?"

"Iko nombre, Prof. Niliweka matrice pahali pa nombre." Akapumua. "Hii haiko démonstration."

Alifuta ule mstari kwa kiganja, hakutafuta kifutio. Profesa akampa dakika tano kwa huruma. Mardochée alianza njia ndefu, ya kweli, na ilikuwa nzuri. Alifika katikati, mahali pa kulinganisha pande mbili kipeo kwa kipeo, kisha mkono ukasita. Hakuwa ameifanyia mazoezi. Zile alasiri alizotakiwa kuifanyia mazoezi alikuwa Kasungami, ananifundisha Jordan. Mimi na yeye tu tulijua hilo, na aliyekuwa amesimama hapo huku amepita mtihani ni mimi.

"Septembre," profesa akasema, na akaandika. Kwangu aliandika kwamba nimepita. Akampa Mardochée karatasi ya session ya pili, akaita mwingine.

Mardochée alichukua koti lake, akapita mbele ya benchi letu bila kunitazama, akatoka.

Nilikaa mpaka wa mwisho amalize. Sikusikia kitu. Bénie alinifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake na hakuniambia kwamba alinionya, jambo ambalo sitalisahau. Ilipofika saa kumi tulitoka, yeye akaenda njia yake, nami nikashika njia ya kwenda kwenye taxi-bus. Njia hiyo inapita kwenye benchi la sementi nyuma ya auditoire, na kwenye benchi hilo alikuwa ameketi Mama Adolphine, kitambaa kichwani, shali mabegani, mfuko wake pembeni. Alikuwa amefunga duka mapema aje kumpongeza mwanawe. Mardochée alisimama mbele yake, mikono mifukoni.

Ningeweza kuzunguka kwa nyuma. Magoti ndiyo yalitaka hivyo. Lakini walikuwa wameshaniona, na mtu aliyelelewa hapiti mama wa mtu bila kumsalimia. Nilimsogelea, nikainama, nikamsalimia. Aliitikia.

Mardochée ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Siku ya posho, ulikuwa unayua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lingine. Nilikuwa na maneno tayari kuhusu sharti la profesa, kuhusu papa yangu na Mokambo. Hayakufaa kitu.

"Nilikuwa nayua nusu," nikasema. "Ilinikwaruza. Sikusema."

"Mbele ya bantu bote umesema. Siku ya posho tulikuwa babiili tu, ukaniambia iko muzuri." Alikuwa akinitazama sasa, na afadhali asingenitazama. "Juu ya nini, Benita?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Uniache."

Aligeuza uso upande wa miti ya mikaratusi, nami nikaona kwamba anapigana na macho yake. Nilitaka kumshika mkono, na mama yake alikuwa pale, kwa hiyo nilishika mkono wa sweta langu mwenyewe.

Mama Adolphine alikuwa ametusikiliza kama anavyosikiliza wateja wanaobishana juu ya urefu wa kitambaa. Akaniuliza, bila ukali, kitu ambacho kilikuwa kikali kuliko vyote vya siku hiyo.

"Mutoto wangu ameniambia ile règle yenu. Ungenyamaza, mungeanguka bote. Sasa we ulisema juu ya kumusaidia, ao juu ya kuyiokoa weye?"

Hapo ndipo msichana mwerevu angesema kwa ajili ya mapenzi. Nililiona jibu hilo likiwa limekaa mahali pake, fupi, mstari mmoja, na nukta mwishoni. Lakini tangu saa nane nilikuwa nimechoshwa na mistari mifupi.

"Siyue, mama," nikasema. "Nilisimama, nikaona Mokambo, pale papa atanituma. Nikamuona na eye. Siyue gani ilitangulia."

Upepo ulipeperusha shali ya Mama Adolphine, naye akaikamata.

"Nilisemaka utamugeukia siku ya mambo," akasema. "Leo ilikuwa siku ya mambo."

"Mama," Mardochée akasema, "hakunigeukia. Nilikuwa mu kosa, akanitoa mu kosa. Amekawia tu. Amekawia siku mbili."

"Na unaniogopaka mie?" Mama Adolphine akaniuliza, kana kwamba mwanawe hakusema kitu.

"Ndiyo, mama. Sana."

"Na eye," akamwonyesha mwanawe kwa kidevu, "leo ulimuogopa?"

"Kupita weye, mama."

Mama Adolphine alitoa leso akapangusa pua, kwa sababu ya baridi tu. Mardochée alitoa karatasi ya session ya pili katika koti, akaketi upande mwingine wa mama yake, akaikunjua juu ya paja. Nilijua imeandikwa nini. Wakubwa zetu walituambia. Septemba hakuna kopo la majina. Mwanafunzi huandika mwenyewe jina la contradicteur wake, mtu mmoja aliyepita, na huyo hufanya naye kazi mpaka siku ya mtihani. Watu wote huandika rafiki mpole. Chini ya jina kuna nafasi ya kuandika mahali na siku ya kusomea.

Alichomoa kalamu mfukoni mwa shati. Akaandika jina langu, taratibu, herufi zote, akaweka nukta.

"Kila posho," akaniambia. Hakutabasamu, alikuwa bado ameumia, na sikumlaumu. "Ukiona kosa, unasema siku ile ile. Haungoje bantu. Hata nikasirike, unasema."

"Na ukikasirika?"

"Nitakasirika. Kiisha itapita."

Nilitikisa kichwa kukubali. Alishusha kalamu kwenye nafasi ya mahali, akaanza kuandika Kasungami, pale kwa paroko. Mkono wa mama yake ukaja juu ya karatasi ukamzuia.

"Kule hapana," Mama Adolphine akasema. "Andika ku nyumba yetu. Ku sebule, pale niko nashona mapindo. Na mi nisikie ginsi muntu anaambiaka mutoto wangu amekosea."

Mardochée akanitazama, nami nikamtazama yeye, na nafikiri tuliogopa sawasawa. Kila Jumamosi mpaka Septemba, mbele ya mwanamke huyu, nikisema hapana kwa mwanawe. Mokambo ilianza kuonekana mahali pa kupumzikia. Na bado kulikuwa na papa, ambaye angeuliza Jumamosi naenda wapi, na hakuwa na mahindi mengine ya kupalilia.

"Andika," nikamwambia Mardochée.

Aliandika. Mama Adolphine aliinua mfuko wake kutoka kwenye benchi akauweka miguuni, pakabaki nafasi kati yake na ukingo. Hakunikaribisha kwa maneno. Nikaketi. Suruali au si suruali, magoti yalikuwa yakigongana, naye aliyatazama yakigongana mpaka nikaona aibu, kisha akatoa ndani ya mfuko mikate iliyofungwa gazetini, ile aliyomletea mwanawe kwa furaha ya kupita.

"Kula," akasema. "Posho iko mbali."